Pembe Ilipolia Chome

Jumapili jioni. Mvua imekatika, ukungu bado, na mabega yananiuma ingawa mimi nilibeba kapu tu.

Shajara, ngoja nikusimulie habari za Baba Mbonea, jirani yetu hapa Chome. Ijumaa kwenye mkutano wa kijiji tulizungumzia bima ya afya kwa wote. Nilisimama nikaeleza kwa ualimu wangu wote: kaya, uchangiaji, mfuko wa pamoja. Naye akasimama, kofia mkononi.

"Mwalimu, mimi siumwi. Nitoe hela yangu akatibiwe mtu wa Lembeni nisiyemjua hata sura?"

Watu wakacheka. Nilimjibu kwa ukali usiomstahili mtu wa umri wake, nikarudi nyumbani nikinung'unika kwamba watu wa milimani hawaelewi.

Jana asubuhi Shangazi Nakijwa, aliyenilea, akaanguka jikoni akishika tumbo. Mganga wa zahanati akasema ni utumbo, apasuliwe leo leo. Barabara ilikuwa imekatika kwa maporomoko, kwa hiyo gari la wagonjwa lingeishia kule chini kabisa. Niliogopa atatufia njiani.

Kaka yangu akapuliza pembe.

Kwetu pembe ikilia hivyo, kila nyumba hutoa mtu. Mgonjwa hubebwa kwa machela hadi mpaka wa kitongoji, na wa kitongoji kinachofuata huwa wameshafika pale kumpokea. Utaratibu huu nimezaliwa nikaukuta, ila sikuwahi kuufuata hadi mwisho.

Wa kwanza kushika mti wa mbele wa machela alikuwa Baba Mbonea. Tulipofika mpakani hakurudi, akaendelea kushuka nasi.

Kila mpaka tuliwakuta watu kwenye mvua, magunia kichwani. Hawakuuliza mgonjwa ni nani, wa ukoo gani, anasali wapi. Walisema "poleni" wakaingiza mabega. Kitongoji cha mwisho sikumjua hata mmoja, na mama mmoja alivua kanga yake akamfunika Shangazi miguu. Mwili ulinisisimka. Nililia huku natembea, na sikuona aibu.

Kaka akapanda gari na Shangazi. Sisi tukaanza kupanda mlima.

"Baba Mbonea, wale wa mwisho unawafahamu?"

"Hata mmoja." Akatembea kidogo. "Kumbe ndicho ulichokuwa unakisema Ijumaa?"

"Ndicho."

"Sasa mbona ulikieleza vibaya hivyo?"

Nilicheka hadi nikashika mti nisianguke. Kisha akauliza kitu ambacho hakikunichekesha.

"Pembe ikilia, watu nawaona kwa macho yangu wanakuja. Hiyo bima yenu nikishaichangia, siku nikiumwa nikaipuliza, nani atatoka?"

Nilihamishia kapu bega la pili. Tulipanda mpaka nyumbani.

Leo mchana kaka amepiga simu. Shangazi amepasuliwa salama, amezinduka, na anauliza nani amewafungia mbuzi wake. Nimemshukuru Mungu kwa sauti, peke yangu jikoni.

Bado nastaajabu. Watu wote wale, kwa ajili ya mwanamke wasiyemjua jina.

Mkutano mwingine nitasimama tena, na safari hii nitaanza na pembe. Lakini nitakapofika kwenye swali la Baba Mbonea, nitawaambia nini watu ambao hawajawahi kupuliza pembe wakakosa mtu wa kuja?