Mstari wa Mwisho wa Sheria

Nyumba ya Juu ya Kanisa,
Lambanes,
Visiwa vya Faroe.

9 Februari 2018

Mpendwa Rógvi, mtoto wa mjomba,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Mama ameketi hapa mezani anafuma soksi, na ameniambia barua haianzi kwa ugomvi, kwa hiyo naanza inavyotakiwa. U hali gani? Mgongo wako umepona? Dorte na watoto hawajambo? Sisi ni wazima, isipokuwa mafua yangu ambayo hayataki kuniacha tangu Krismasi, na upepo wa juzi uliong'oa mabati mawili ya banda la kondoo. Nyama tuliyotundika Oktoba imekauka vizuri sana mwaka huu. Fungu lako lipo, na usiponiudhi zaidi utalipata.

Sasa mama ameondoka kwenda kuweka birika jikoni, kwa hiyo nakwambia waziwazi: nina hasira na wewe. Nina hasira na watu wengi, lakini kwenye foleni wewe uko mbele.

Unajua baba alipelekwa makao ya wazee mwezi wa Septemba, baada ya kiharusi. Unajua pia kwamba makao yako kisiwa cha pili, na kwamba mama alikataliwa na baraza letu kwenda kukaa naye kwa sababu yeye haumwi. Wameoana miaka hamsini na minane. Anavuka kwa boti mara mbili kwa wiki, na wiki za dhoruba havuki kabisa. Hayo nilikwisha kukuandikia. Sikukuandikia habari ya kitanda, kwa sababu sikuwa na moyo.

Muuguzi mmoja alinivuta pembeni mwezi wa Novemba akanieleza kwamba baba ameanguka kitandani mara tatu. Kitanda chenyewe ni chembamba, cha mtu mmoja, na yeye hulala ukingoni kabisa, upande wa mlango, kwa sababu upande wa ukutani ni wa mama. Wamemwambia mara nyingi kwamba hakuna mtu upande ule. Yeye hujibu tu, "Atakuja. Boti imechelewa."

Baada ya kusikia hayo ndipo nilipokaa mbele ya kompyuta. Kila siku nikitoka kufundisha, kabla hata ya kuvua koti, nilikuwa nasoma sheria za watu. Nilianza na Sweden, na huko nikakuta jambo lililonitoa machozi: mume na mke waliozeeka pamoja wana haki ya kuendelea kukaa pamoja, hata kama mmoja bado ana nguvu zake. Imeandikwa wazi, mtoto wa darasa la nne angeielewa. Nikaenda Norway, nikasoma kurasa arobaini, sikuona nilichokitafuta, labda kwa ujinga wangu. Ya Iceland, ambao lugha yao ni jirani na yetu, niliisoma polepole, kidole juu ya kioo cha kompyuta. Ya Finland niliitia kwenye mashine ya kutafsiri, ikaniambia wazee wawekwe pamoja penye ukavu kama viazi. Nikachora jedwali kwenye karatasi kubwa ya darasani, nchi upande huu, haki upande ule, nikaibandika ukutani jikoni. Mama alikuwa akipita anaitazama. Siku moja nilikuta amechora ua dogo pembeni mwa neno Sweden.

Ndipo nikakuuliza wewe. Mwanasheria wa familia! Miaka kumi na moja ofisini Copenhagen! Ukanijibu siku ile ile, ukanitumia kifungu cha sheria ya Denmark, kizuri kuliko hata cha Sweden, na chini yake ukaandika: "Kisome tu mbele yao, Turið. Watanyamaza."

Walinyamaza kweli. Kikao cha baraza kilikuwa kimejaa, maana habari zilishavuma, na watu wanampenda baba. Nilisimama nikasoma kifungu chako kutoka kwenye simu, neno kwa neno, sauti ya ualimu kabisa. Nilipomaliza, Høgni, mwenyekiti, akaniuliza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi:

"Mwalimu, umeisoma yote?"

"Nimesoma kinachohusika."

"Hebu ifungue yote hapo mtandaoni. Teremka mpaka chini kabisa. Utusomee mstari wa mwisho."

Rógvi, nilijua kabla kidole changu hakijafika. Nikasoma, kwa sauti, mbele ya watu walioniona nikijifunza kutembea: "Sheria hii haihusu Visiwa vya Faroe wala Greenland."

Bibi Elspa wa nyumba ya bluu akapiga goti lake. "Mama wee! Na huyu ndiye anayefundisha wajukuu zangu uraia!"

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi mdomo ulitaka kucheka, wakati huo huo nikitamani sakafu ipasuke. Maana ni kweli, ndicho ninachofundisha. Kila mwaka nawaambia darasa la nane kwamba tuko chini ya Denmark lakini mambo mengi tunajitungia sheria wenyewe, kwa hiyo sheria ya Denmark huanzwa mkiani: kwanza uangalie kama inakuhusu, ndipo upoteze muda kuisoma. Hakuna mtu visiwani asiyejua hilo. Wauza samaki wanajua. Kosa langu ni kwamba nilikuamini wewe, nikasoma kipande ulichonikatia bila kufungua sheria nzima. Kosa lako sijui niliite nini. Umekaa huko mpaka umesahau kwamba sisi ndio ule mstari wa mwisho.

Siku tatu sikujibu simu zako. Nilikuwa nikikasirika upya kila nikikumbuka ule upole wa Høgni. Siku ya nne mama akaja jikoni, akasimama mbele ya jedwali langu, akaniuliza swali la mtu asiyejua sheria hata moja: "Sasa kama ile ya Denmark si yetu, wao walipotukatalia walitumia ya wapi?"

Nikamtazama kama nimemwagiwa maji ya baridi. Miezi yote hiyo nilikuwa nazunguka nchi za watu, na barua yao ya kutukatalia iko kwenye droo ya vijiko. Sikuwahi kuichunguza. Niliiona ina muhuri, ina kifungu cha kumi na saba, nikaamini. Nikaitoa. Nikachukua sentensi ya kwanza: "Kila mkaaji hupimwa peke yake kwa kadiri ya mahitaji yake mwenyewe." Nikaigeuza kuwa Kidenmaki, nikaitafuta mtandaoni.

Ikaja, neno kwa neno. Ni barua ya mfano ya mji mmoja wa Jutland, huko Denmark, imewekwa kwenye tovuti yao ili makarani wajaze majina tu. Watu wetu waliichukua hiyo, wakaitafsiri, wakaandika jina la mama kwenye nafasi iliyo wazi. Hata aya inayomshauri mwombaji apumzishe akili kwa kutembea msituni waliiacha. Msituni, Rógvi! Huku ambako mti mmoja ukiota uani watu wanakuja kuupiga picha. Na mimi niliisoma ile aya mwezi wa Septemba, sikuistukia, nilikuwa nimelia sana.

Kifungu cha kumi na saba ni cha sheria ya huko huko. Nikaifungua. Safari hii nilianza mkiani.

Jumanne iliyopita nilirudi kwenye kikao. Sikuwa na simu. Nilikuwa na karatasi zilizochapwa, nakala kwa kila mjumbe. Nikampa Høgni ya kwake, nikamwambia, "Mwenyekiti, hii ndiyo sheria mliyotumia kumtenga mama yangu na mume wake. Tafadhali, tusomee mstari wa mwisho."

Akavaa miwani. Akavua. Akafuta kioo kwa tai yake.

"Turið, haya ni makosa madogo ya karani."

"Soma tu, bwana."

"Tunaweza kulizungumza ofisini, taratibu..."

"Msomee, Høgni!" Bibi Elspa alisimama na fimbo yake. "Au nije nikushikie karatasi? Mimi mwenyewe nilikufunga nepi, sikuogopi!"

Akasoma. Safari hii hakuna aliyecheka. Watu walianza kuhesabu, maana kila mmoja ana mzee wake, na barua walizoandikiwa wao zilitoka kwenye meza ile ile.

Ilionekana kwamba katika sheria zetu wenyewe hakuna mstari hata mmoja unaomkataza mama. Hakuna! Wakapiga kura pale pale, mikono yote juu. Mama ataanza kukaa huko tarehe mosi Machi. Nilidhani ningefurahi. Mama amefurahi. Mimi nimebaki na hasira kama mtu aliyerudishiwa kitu chake na mwizi, halafu anatakiwa kushukuru. Miezi mitano, kwa watu wenye miaka themanini na mbili na themanini na nne! Hakuna aliyesema samahani. Høgni alinishika bega mlangoni akasema niliwapa somo zuri. Niliutoa mkono wake begani kwangu.

Na bado hawajamaliza. Jana imekuja karatasi nyingine kutoka kule kwenye makao. Chumba kitakuwa na vitanda viwili vyembamba vya magurudumu, kimoja ukuta huu, kingine ukuta ule. Mama aliisoma mara mbili, akaiweka mezani.

"Kwa hiyo mimi nitakuwa ng'ambo," alisema. "Na baba yako Sámal ataendelea kulala ukingoni kunipisha. Si ataanguka tena?"

Hapo ndipo unapoingia wewe, na usinitumie kiungo chochote cha mtandaoni. Kitanda chao cha wawili kiko hapa nyumbani, chumba cha juu, kile alichokitengeneza baba kwa mbao alizookota ufukweni mwaka waliooana. Ni kizito kama dhambi, na ngazi zetu unazijua zilivyosimama. Chukua likizo. Uwe hapa tarehe ishirini na saba Februari tukishushe, na mgongo wako uufunge vizuri. Hukuja Septemba tulipompeleka baba, ukasema una kesi. Sasa kesi ni hii.

Msalimie sana Dorte, umwambie soksi zake ziko tayari. Wasalimie Asta na Villads, na wasisahau kuzungumza lugha yetu hata kama ni wao kwa wao tu. Mama anakusalimu kama shangazi yako, na ameniagiza nikwambie kwamba yeye hakukasirika hata kidogo. Mungu akuvushe salama, akutulizie upepo wa uwanja wa ndege.

Mama amerudi sasa na chai, ananiuliza kama kuna sheria inayokataza mtu kuja na kitanda chake. Nimemwambia sijatafuta, na kompyuta nimeifunga. Baba hataki sheria, anangoja boti. Wewe utashika upande wa miguu.

Nakupenda, hata na hasira hii,

Dada yako,
Turið