Filamu Yetu Inaongoza, na Marehemu Mdogo Wangu Yumo Ndani

Shangazi, shikamoo. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, na hii ya nne naituma bila kuisoma tena, kwa sababu nikiisoma nitaiona ya mtu aliyechanganyikiwa, na mimi sijachanganyikiwa, kazini naenda kila siku, mimi ni fundi wa miwani, nakata vioo na kuvipachika kwenye fremu, na mtu akiniambia haoni vizuri ni kazi yangu kujua kama tatizo ni jicho lake au ni kioo.

Mimi ni shabiki wa yule mwimbaji tunayemwita Binti Chuma, na tuna kundi letu kwenye simu, tumo zaidi ya mia nne. Mwaka huu tamasha lake lilitolewa kama filamu ikapelekwa kwenye kumbi za sinema, na wiki hiyohiyo ikatoka filamu ya tamasha la yule mwanamume wanayemwita Mrefu, basi amani ikaishia hapo. Kila Jumatatu idadi ya watazamaji hutangazwa, na sisi tunaingojea kama watu wanaosubiri majibu ya mtihani. Mwenzetu mmoja tunamwita Mhasibu, yeye ndiye anayepiga hesabu: Mrefu ameingiza watu wengi zaidi wikendi ya kwanza, sawa, lakini alipewa kumbi nyingi, ukigawanya kwa kila ukumbi sisi ndio tuko juu, nao wanajibu kwamba kugawanya ni kilio cha walioshindwa, sisi tunawajibu kwamba wiki ya pili wao walishuka nusu na sisi robo tu, na hivyo hivyo mpaka tumetukanana na watu tusiowajua kwa sababu ya nukta ya desimali. Mimi ndiye niliyeanzisha mtindo wa kununua viti hata kama huendi, ili ukumbi uhesabiwe umejaa, na kwa ajili hiyo wananiita Kamanda.

Mdogo wangu alikuwa upande wa Mrefu. Tumelala chumba kimoja tangu utotoni, ukuta wake Mrefu, ukuta wangu Binti Chuma, na mama alikuwa akisema anaishi na vyama viwili vya siasa. Ulikuwa utani mpaka siku aliyoandika kwenye kundi la ukoo, mbele ya wajomba na mabinamu, kwamba Binti Chuma akitoa filamu watakaoitazama ni mimi na mfagiaji wa ukumbi. Watu wote wakacheka, mimi nikanuna. Wakati huo nilikuwa na tiketi mbili za tamasha lenyewe, na moja nilikuwa nimemnunulia yeye. Siku mbili kabla ya tamasha akaja dukani kwetu saa ya chakula, akasimama upande wa pili wa kaunta kama mteja, akasema, "Dada, yaishe. Twende wote."

Nikaendelea kufuta kioo. Nikamwambia tiketi nimeshampa mwenzangu wa kazini, yeye amsubiri Mrefu wake. Haikuwa kweli, Shangazi. Mwenzangu nilimpa jioni yake, ili uongo wangu uwe kweli.

Tukanuniana. Wiki tatu baada ya tamasha pumu ilimbana akiwa kazini, kwenye hoteli alikokuwa anapokea wageni, akafariki kabla gari la wagonjwa halijafika. Maneno ya mwisho tuliyosemeshana yalikuwa zamu ya nani kufua mapazia.

Filamu ilitoka miezi mitano baada ya maziko. Siku ya kwanza nilikwenda na kundi, tumevaa fulana za aina moja, tunapiga makofi kama tuko uwanjani. Wimbo wa tatu kamera inapita juu ya watu walioko nyuma kabisa, tamasha lilikuwa la alasiri na jua linawapiga usoni, na pale safu ya mwisho nikamwona mdogo wangu. Peke yake. Amejifunga skafu yangu ya njano ambayo nilikuwa nimeitafuta nyumba nzima. Jukwaa halitazami, amenyoosha shingo anatazama umati ulioko mbele yake, kichwa kinakwenda huku na huku kama mtu anayemtafuta mwenzake kituoni. Ni sekunde nne. Najua kwa sababu nimerudi mara ishirini na sita.

Wiki ya pili nilianza kwenda peke yangu, saa nane mchana, duka linapofungwa kwa mapumziko. Kwenye orodha ukumbi ulikuwa na viti mia na kumi vilivyouzwa, vingi tumenunua sisi, na ndani nilikuwa mimi tu. Sijui kama umewahi kukaa kwenye ukumbi uliouzwa na hauna mtu. Kwenye skrini watu maelfu wanapiga kelele mpaka sakafu inatetemeka, na huku viti vyote vimekunjwa, vimekutazama mgongoni. Siku hiyo mdogo wangu alikaa kwenye skrini muda mrefu kidogo, nikadhani nimekosea kuhesabu. Baada ya siku tatu nikahesabu sekunde saba. Wiki ya nne zilikuwa tisa, na alikuwa ameacha kutafuta. Kichwa kimetulia. Anatazama nje ya skrini, Shangazi, si mimi anayenitazama, anatazama juu ya bega langu la kushoto. Nikageuka. Nyuma yangu kulikuwa na viti na mlango, basi.

Nilijipima macho kwa mashine ya dukani, kisha nikamwomba mwenzangu anipime upya bila kumwambia sababu. Macho yangu ni mazima. Halafu wiki iliyopita mwalimu mmoja wa kundi letu, mtu mtulivu, hana maneno mengi, akaandika kwamba wimbo wa tatu kuna msichana wa skafu ya njano, mara ya kwanza hakumwona, sasa anamwona, ni nani huyo na mbona hamtazami mwimbaji. Wengine wakasema hawajawahi kumwona. Mhasibu akasema tusitoke nje ya mada. Mimi nikaiweka simu chini ya mto na nikakaa juu ya kitanda, nimeupa mgongo ukuta wake.

Sasa ukumbi umetangaza kwamba filamu inaondolewa baada ya Alhamisi ya wiki ijayo idadi isipopanda. Mhasibu anasema nikitoa amri moja tu tutampita Mrefu, tofauti imebaki ndogo. Wote wanadhani Kamanda anampigania Binti Chuma. Nesi mmoja wa kundi ameniandikia faraghani kwamba ameshanunua viti sita na amechoka, je, haijatosha, na sikumjibu. Mama sijamwambia. Tangu maziko hajalitaja jina la mdogo wangu hata mara moja, na ninaogopa akimwona pale juani atavunjika, na ninaogopa zaidi nimpeleke halafu kwenye safu ile pasiwe na mtu. Nitoe amri? Au niache aondolewe, niwe nimemfukuza mara ya pili? Niambie, Shangazi. Ni mimi, Kamanda.

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Nimetanguliza pole kwa sababu kuanzia hapa nitakusema.

Nianze na watu wako. Umewapeleka watu mia nne vitani na sababu ya vita umeificha mfukoni. Huyo nesi mjibu leo, mwambie imetosha na ilitosha tangu kiti cha kwanza. Amri ya kununua viti ifute. Binti Chuma hakujui, Mrefu hakujui, na hakuna idadi ya Jumatatu inayorudisha mtu. Ukishindwa kuwaeleza yote, waambie una msiba. Hicho kila mtu anakielewa.

La pili ni tiketi. Ulimdanganya mdogo wako akiwa amekuja kupatana, na sitakuambia ni jambo dogo, maana hutaniamini. Lakini wewe umeishia pale kaunta, ukaacha kusoma yaliyofuata. Alikwenda akanunua tiketi yake mwenyewe, ya mwimbaji ambaye yeye alikuwa anamcheka, akakaa nyuma kabisa kwa sababu ndipo palipobaki, akavaa kitu chako ili umtambue kwa mbali. Mtu mwenye kinyongo hafanyi hivyo. Alikuja kukutafuta wewe. Hakukupata kwa sababu watu walikuwa wengi, si kwa sababu ulikuwa umemfukuza.

La tatu. Mimi sijibu jambo nisilolikagua. Jina la ukumbi nimeliondoa kwenye barua yako, lakini nilikwenda, Jumanne saa nne asubuhi. Nilianza kwa fundi wa mitambo. Akaniambia filamu ni ileile tangu siku ya kwanza, hakuna mkono ulioigusa, akanionyesha kipande chenyewe kwenye mashine yake: sekunde nne. Nikaingia ukumbini nikakaa, na wimbo wa tatu ulipofika nikatazama saa yangu ya mkononi. Nilihesabu kumi na moja. Sina maelezo. Nimekaa kwenye kiti hiki miaka kumi na tisa na sijawahi kuandika maneno hayo mawili.

Sikuwa peke yangu mle ndani. Safu ya tano alikaa mama mmoja wa makamo, mkoba mapajani, viatu amevivua. Wimbo wa tatu ulipoanza akasimama. Ulipokwisha akavaa viatu akatoka, hakungoja filamu imalizike. Nikamfuata mpaka ukumbi wa nje, nikajitambulisha, tukakaa kwenye benchi karibu na dirisha la tiketi.

Alikuwa anakuja kila Jumanne na Ijumaa asubuhi tangu wiki ya pili. Aliambiwa na msichana aliyekuwa akifanya kazi na binti yake hotelini. Akanieleza kwamba ana binti mwingine, mkubwa, ambaye hajui habari hizi, anashughulika na hilo kundi lake la nyimbo na ndilo linalomtoa nyumbani, na yeye kama mama hakutaka kumharibia raha iliyobaki. Nikamwuliza kama naye anahisi anatazamwa.

"Mimi hanitazami," akasema. "Anatazama mlango. Kama anayemngoja mtu aliyechelewa."

Barua yako sikumwonyesha. Nilimwomba tu ruhusa niandike kwamba tumekutana. Akaniuliza kama binti yake ameniandikia, nikamwambia barua za watu sizitaji, akaelewa. Akasema niandike, ila usije ukaanza kumchukulia kama mgonjwa.

Sasa nisikilize. Wewe huingia saa nane, yeye saa nne, na huyo mtoto kila mnapokuja anatazama mlango. Sihitaji kukufafanulia zaidi. Omba ruhusa kazini Alhamisi asubuhi, umwambie mama yako mwende wote. Nunua kiti kimoja, cha kwako. Ingieni kwa mlango mmoja, kwa wakati mmoja, mkae safu ya tano. Usihesabu. Huenda mkaona msichana aliyepigwa na jua kwa muda mfupi, huenda msione kitu. Vyovyote iwavyo, msirudi tena, hata wakiongeza siku. Mkitoka hapo tafuteni mahali pa kukaa, umweleze mama yako habari ya tiketi, pamoja na ile sehemu ya uongo. Yeye ndiye wa kuambiwa, mimi nilikuwa njia tu.

Wasomaji, jibu hili nilimpelekea mwenyewe nyumbani Jumatano, kwa kuwa Alhamisi isingelisubiri gazeti. Leo nalichapisha kwa ruhusa yake na ya mama yake, pamoja na ujumbe alionitumia Jumatatu iliyofuata:

"Shangazi, tumeshindwa. Mrefu ametupita kwa watazamaji mia mbili na kumi, na kundi zima limenuna isipokuwa nesi. Alhamisi tulikwenda. Mama alinishika mkono tangu mlangoni. Tulimwona sote wawili, na ilikuwa mara moja tu, kamera ilipita haraka kama siku ya kwanza. Hakuwa anamtafuta mtu. Alikuwa ametazama jukwaa, anaimba pamoja na watu, na maneno yote ya wimbo alikuwa anayajua."