Migomba Iliyovaa Vitambaa

Ihanda, Karagwe

Mdogo wangu Adela,

Pokea salamu za nyumbani, pamoja na baridi hii inayonivalisha sweta mbili kama mgonjwa.

Mama alisema akiona naweza kazi, ataniachia kibanja, shamba lake la migomba. Basi mimi, mkulima mpya wa miaka hamsini, nikakata mkungu mnono, nikawapikia wageni wake wa jumuiya. Kumbe ni mbiire, ndizi za pombe! Mwenyekiti alitafuna kipande kimoja, akafumba macho kama anasali. "Mwanangu, hizi ni za kula au za kunywa?" Mama akajibu, "Msameheni, huyu mgeni."

Mgeni! Na kitovu changu kimezikwa humu humu kwenye migomba.

Kesho yake nikakuta Mama amefunga vipande vya kitenge kwenye kila mgomba wa ndizi za kupika, nisikosee tena. Wapita njia wakawa wanasimamisha baiskeli: "Mama Deo, migomba yako inakwenda harusini?"

Leo asubuhi vitambaa vyote vimefunguliwa, na Mama kakaa mlangoni ananitazama. Nimezunguka kibanja mara tatu, nikipapasa mikungu kama daktari, hadi nikakata mmoja. Nimepika, nikamwandalia. Mama ameonja, akasukuma sahani: "Ongeza." Kisha akanitupia vile vitambaa: "Hivi kafutie vyombo."

Kwa hiyo kibanja ni changu, na vyombo pia.

Mungu akutunze huko Dar. Ukija Krismasi nitakupikia mwenyewe, ila kwanza ule kidogo njiani, nisije nikakosea mkungu tena.

Kaka yako,
Deo