Vitambaa Vilivyofika Kinole

Kilakala, 4 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Sisi hatujambo, ila goti langu tangu nianguke kazini bado linaniweka nyumbani. Masikio yako yanasemaje? Simu nimeacha, maana mara ya mwisho niliuliza mihogo ukanijibu habari za mgogoro.

Nimempa dereva wa gari la Noah kifurushi. Mna vitambaa sita vya uzi wa pamba, vimefumwa hapa hapa nyumbani. Ni laini, vinanyonya maji, vinafulika. Matumizi utayajua mwenyewe. Mkweo Riziki anakusalimu.

Mwanao,
Alois

Kinole, 11 Machi

Mwanangu Alois, marahaba.

Huku wazima, masikio ni yale yale. Kifurushi nilipokifungua nilikaa chini. Vitambaa laini, vya kunyonya, vya kufulika! Nimeelewa, mwanangu. Mambo ya mimba hayatajwi ovyo. Umeniletea nepi nizishike kwanza mimi bibi.

Nimempelekea mjomba wako Tomasi akaziona. Kasema, "Kumbe mti haukuwa mkavu, sisi ndio tulikosea msimu." Tumecheka mpaka kikohozi kikamshika. Yule binti wa Turiani tuliyekuwa tunakutafutia akuzalie, baba yake tumemwambia basi. Jumapili kanisani watu wamenipa mkono.

Mwambie Riziki yale niliyomwita mbele za watu ayasahau. Na asibebe ndoo.

Mama yako, bibi mtarajiwa

Kilakala, 13 Machi

Mama, shikamoo. Natumaini hujambo, na ukisoma hii uwe umekaa.

Vile ni vitambaa vya kuoshea vyombo. Hakuna mimba. Na aliyefuma si Riziki, ni mimi. Goti limenikalisha, yeye akanifundisha kushika sindano mbili. Niliona aibu kukwambia mwanao anafuma, ndiyo nikaandika "vimefumwa" nikaishia hapo. Barua yako imenitoa jasho.

Kwa kuwa nimeanza, nimalize. Mwaka juzi tulipima wote wawili. Daktari alisema Riziki hana tatizo. Tatizo ni langu, na halitibiki. Nikamwomba asikwambie. Ulipomwita mti mkavu kwenye msiba wa shangazi, mimi nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Niliendelea kula. Yeye alinitazama tu.

Nisamehe, mama.

Mwanao,
Alois

Kinole, 2 Juni

Alois,

Salamu sina. Siku zote hizi nilikuwa sijui niandike nini, na hata sasa sijui vizuri.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwa hiyo aliyepungukiwa si mimi. Wajomba zake Riziki ndio wanaongoja ukoo wao uongezeke, na wewe umewaficha sababu. Halafu mimi nikaenda kumtukana binti yao, nao wakiwa wamekaa pale pale. Tomasi nilipomweleza alivua kofia.

Kuanzia hapa mpe mkeo asome mwenyewe.

Riziki, shikamoo. Usishangae, leo naamkia mimi. Nilikutukana mbele za watu, nitakuomba radhi mbele ya watu wale wale. Ukitaka kurudi kwa wajomba zako, mwanangu asikuzuie, nitakusindikiza mimi. Ukitaka kubaki, niambie wewe, si yeye.

Mama yako

Kilakala, 6 Juni

Mama, shikamoo.

Riziki alipofika kwenye ile shikamoo yako alisimama, akarudia, akarudia tena. Nikamuuliza nikujibu nini. Akasema, "Wewe umeshanijibia mengi, mume wangu. Hili niachie."

Asubuhi hii kapanda gari la Kinole. Barua hii namkabidhi dereva aliyempakia, gari likiwa bado halijaondoka. Hajaniambia anakuja kukwambia lipi, na mimi sikuthubutu kuuliza. Kabeba begi dogo, lakini Riziki hata safari ndefu hubeba begi dogo.

Akifika mpokee. Na atakaloamua, mama, usimbembeleze kwa ajili yangu.

Mwanao,
Alois