Aya Niliyoiruka

Buteba, Jumanne. Mvua imekatika tangu saa sita na ardhi inanukia vizuri, lakini moyo wangu uko Tororo.

Wala si kosa la gari kwamba nitabaki huku. Kosa ni langu, na la mapenzi.

Maana ni nani anayeweza kuisoma barua ya mume wangu Okiru kwa sauti mbele ya wakwe? Tuna wiki tano tu tangu tufunge ndoa. Tulikaa pamoja siku tisa, likizo ikaisha, akarudi Tororo kuendesha lori la mawe. Kila asubuhi napapasa upande wake wa kitanda kabla sijafungua macho. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na furaha kiasi hiki na bado akahesabu siku kama mfungwa.

Jumamosi hii Baba mkwe alikuwa anipeleke kwake kwa pikapu. Lakini gia zilianza kukwaruza, na Okiru akaandika kwamba gari lisitoke nyumbani kabla ya kubadilishwa mafuta ya giaboksi. Akatuma kopo la mafuta mapya na maelekezo ya kurasa tatu, kwa mwandiko ule uliolala kama nyasi.

Baba haoni tena herufi ndogo. Na kwetu, mke wa mwana hamkaribii baba mkwe wala hamtazami usoni. Basi leo yeye alilala chini ya gari, mimi nikasimama nyuma ya ghala nikisoma kwa sauti. Mama mkwe aliketi katikati akimenya karanga, kama mpaka wa Kenya na Uganda.

Nilisoma vizuri. Gari lisimame sawasawa. Injini ipate moto kidogo, mafuta yalainike. Besheni iwe tayari.

Kisha nikafika ukurasa wa pili: "Mke wangu, nikishika usukani naona shingo yako..."

Nikaifunika karatasi kwa kiganja.

"Mama, karatasi imeisha?" Baba aliniuliza kutoka chini ya gari.

"Hapana, Baba. Wino umeloa."

"Umeloa na nini?" akasema Mama mkwe. "Barua imekaa kifuani mwako tangu jana."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikairuka aya nzima, nikaendelea pale palipoandikwa afungue nati ya chini, ya kutolea mafuta machafu. Baba akaifungua. Mafuta yakamwagika meusi, yenye chembe za chuma zinazometameta, mpaka tone la mwisho.

Nati ya juu, ile ya ubavuni ya kujazia mafuta, ikakataa. Spana ikateleza mara tatu, mara ya nne pembe za nati zikalika.

Ndipo nilipoisoma ile aya kimya kimya hadi mwisho; tangu jana nilikuwa naishia kwenye shingo. Baada ya shingo yangu, baada ya sauti yangu inayomfuata barabarani, aliandika: umwambie Baba aanze na nati ya juu. Ikigoma, asiguse ya chini, maana mtamwaga mafuta na hamtakuwa na pa kujazia.

"Okiru hakulisema hili?" Baba aliuliza.

Ningeweza kusema hapana. Lakini Okiru angeonekana mzembe, na yeye si mzembe.

"Alilisema, Baba. Nililiruka."

"Uliliruka kwa nini?"

"Mzee, acha," Mama mkwe alijibu. "Yalikuwa maneno yasiyokuhusu."

Kutoka chini ya gari nikasikia Baba akicheka, akikohoa, akicheka tena. Akasema fundi mwenye spana inayofaa yuko Busia na hawezi kufika wiki hii. Jumamosi hatuendi.

Nimelia kidogo jikoni, moshi ukanisaidia. Kisha nimeisoma ile aya mara saba. Namwonea huruma Okiru atakayesimama Jumamosi mlangoni akiwa amenyoa ndevu, akisikiliza kila gari linalopanda.

Nisamehe, mume wangu. Barua itakayokueleza haya nitaiandika asubuhi, ingawa haitakufikia kabla ya Jumamosi. Fundi aje au asije, nati ifunguke au ivunjike, hata kwa basi nikikalia magunia ya pamba, kabla ya mwezi huu kwisha nitakuja kwako Tororo.