Ukuta wa Baba na Jibu la Zamani

4 Machi

Mwanangu,
Salamu nyingi. Mimi mzima kama chuma, sijui wewe unayekaa kitini kutwa. Kifua kimepona? Huku mvua haina adabu. Mlango wa mbele umevimba, nimeupiga randa, sasa unafunguka kwa kidole. Jirani kaja kuniambia nihame, eti kilima cha nyuma kimelowa. Nikamwuliza: ukuta unaokizuia nimeujenga kwa mikono hii, wewe umewahi kujenga hata banda la kuku? Akaenda zake. Na hiyo kazi yako ya kupanga majaribio ya kompyuta ni kazi gani? Unajaribu nini wakati mashine inafanya kazi?
Ni mimi baba yako.

11 Machi

Baba,
Shikamoo. Kifua kimepona, kinachonibana sasa ni kazi. Programu yetu hukokotoa kama ukuta utahimili mzigo wa udongo. Kila inapobadilishwa, naiuliza upya maswali ya zamani. Jibu likitofautiana na tulilolitunza, lazima tujue kwa nini. Swali mojawapo ni ukuta wako. Niliuingiza mwenyewe nilipoajiriwa, kwa kujivunia. Jibu la zamani: utasimama. Toleo jipya linahesabu pia uzito wa maji yaliyo udongoni, nalo linasema utailalia nyumba. Bosi anataka nipanue tofauti inayoruhusiwa mpaka jaribio lipite, kisha nisaini kwamba hakuna kilichobadilika. Nisiposaini, kazi sina. Baba, nenda kwa shangazi kwanza.
Binti yako.

16 Machi

Mwanangu,
Salamu. Mzima, ila umeniudhi. Mashine imeshika mwiko lini? Saini, ule mshahara wako. Jibu la zamani ndilo jibu. Kwa shangazi yako siendi, atanisimanga mpaka kaburini. Mlango umekaza tena, nimeupiga randa tena. Mvua tu hiyo.
Baba.

20 Machi

Baba,
Shikamoo. Mlango haujavimba. Fremu imepinda, ukuta unaisukuma nyumba. Wewe unakwangua mlango, mimi naambiwa nikwangue jaribio. Sijasaini, lakini bosi kanikalia kooni: "Mwenye ukuta kalalamika?" Toka humo, Baba, nakupigia magoti.
Binti yako.

23 Machi

Mwanangu,
Salamu. Mzima bado. Barua hii nimempa jirani kupitia nondo za dirishani. Nimemwambia mlango nimeufunga mwenyewe, sitaki wageni. Kacheka, mshenzi yule. Randa haisaidii tena; mlango hauendi mbele wala nyuma, na ufa wa chumbani unaingia ngumi. Usidhani naogopa. Ukuta ulikuwa mzuri, kilima ndicho kimekosa heshima.

Mwambie bosi wako mwenye ukuta amelalamika. Tena fundi mwenyewe. Andika jibu jipya.

Kisha njoo na mtu wa kukata nondo. Njoo upesi. Na shangazi yako asijue.

Baba yako, niliye ndani.