Pigo la Pili

Uyole, Mbeya

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Goti lako limepata nafuu? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mbovu. Watu wa malori watafika Idodi kabla ya barua hii na kusema nimeua. Sijaua. Dada, wewe unayemsomea mama, soma yote, usiruke.

Kazi yangu unaijua. Usiku kucha mashine yetu inarusha mawimbi ya redio juu kuliko mawingu, yanarudi, na mstari unachorwa kwenye filamu. Usiku mwingine hewa ya huko juu, yenye umeme, inachanika, na mstari unatapakaa kama uji uliomwagika. Usiku kama huo ndio mzungu wetu anaoutafuta. Lakini wezi wanatuibia nyaya za shaba zinazorusha mawimbi hayo. Mwezi uliopita walinipasua mdomo, nami nikamvunja mmoja mkono. Mzungu akasema waya ukikatwa tena, kazi sina. Tangu hapo nakesha na mpini wa sururu mapajani.

Jumanne mstari ulianza kutapakaa kwenye kioo cha mashine. Nikafurahi. Mara nikasikia waya unalia nje. Nilitoka mbio, nikamwona mtu kajigubika blanketi, anautikisa. Nikampiga kichwani, akaanguka.

"We Mhehe, ni mimi, mtani wako!"

Alikuwa Komba, yule Mngoni mwenzangu wa kazi. Hakuwa na zamu, alikuja kunitania tu. Nikampiga tena, usoni.

Jicho lake la kushoto halipo tena. Polisi walipomhoji hospitalini alisema, "Huyu mtani wangu. Mngoni na Mhehe hawapelekani bomani kwa utani." Wakaondoka. Kisha akaniuliza polepole, "Lile pigo la pili, ulikuwa umenisikia?"

Nikasema sikusikia. Akacheka mpaka bandeji ikalowa damu. "Basi, utani huo," akasema.

Mama, nilisikia. Nilimsikia vizuri kabisa, ila hasira zilikuwa hazijaniisha. Filamu ya usiku ule imetoka safi na mzungu amenisifu. Naona aibu. Njoo, mama, twende kwa Komba pamoja, maana nikienda peke yangu nitamdanganya tena.

Nisalimie baba mdogo, na shangazi mfinyanzi. Mke wangu mwambie wewe, mimi nimeshindwa.

Ni mimi mwanao Luka, uliyenifundisha kwamba aliyeanguka hapigwi.